Ratili Sabini

Nilimwambia Lochoro: nipe ule mweusi,
ule wa ratili sabini,
unaoning'inia juu ya spoki na mipira ya ndani
kama popo aliyekataa kuamka.
Kibali kilikuwa mfukoni, kimekunjwa mara nne:
ngiri watatu, mwisho mwezi wa nane.
Mtama wa dada yangu kule Nadunget
ulishalazwa chini kama mkeka.

Lochoro ni fundi wa baiskeli.
Pinde hizi za kapi zilimfikia kwa njia ya deni.
Mwindaji mmoja, mrefu, aliondoka Moroto usiku,
akaacha sanduku na bili ya miezi miwili.
Basi Lochoro akazisoma kama anavyosoma gia,
kapi ya juu, kapi ya chini, uzi, waya,
hadi chuma kikachoka kumficha.

"Vuta," akasema.
Nikauelekeza mbinguni kwanza, nikapinda mgongo,
nikauma ulimi, mguu mmoja ukapaa,
na watoto waliokuja kujaza upepo
wakahesabu kwa sauti: moja, mbili.
Hawakufika tatu.

"Unamwinda Mungu?" aliuliza Lochoro.
Hakucheka. Hicho ndicho kilichoniuma.

Akamwita mkewe, Nangiro, mshonaji,
aje na utepe wake shingoni.
Nikasimama mgongo ukutani, mikono nimeinyoosha
kama shati la marehemu kwenye kamba,
naye akapima ncha ya kidole hadi ncha ya kidole,
midomo imebana pini.
"Mia sitini na nane," zikasema pini.
Lochoro akagawanya kwa mbili na nusu,
kwa chaki, ubavuni mwa tairi,
akageuza kuwa inchi: ishirini na sita, na nusu.
Ule mweusi ulikuwa wa thelathini.

Inchi tatu na nusu.
"Alikuzidi hizo tu," akasema,
"lakini huwezi kuzila, wala kuzikopa, wala kuziombea kanisani."
Nilifikiri makoti ya baba,
yote niliyorithi, yote nikakunja mikono.

Akanipa kigoda. "Kaa. Huu ni wa arobaini na tano.
Vuta mbele yako, polepole,
kama unafungua mlango wa chumba alicholala mtoto."
Nikavuta. Ulikuwa mzigo, ndiyo, mzigo kweli,
halafu kapi zikageuka
na uzito ukatoka mikononi
kama kuni zinapopokewa na mtu wa nyuma
asiyesema neno.
Nikaweza kupumua humo ndani. Nikaweza hata kufikiri.

"Bado jicho," akasema.
Kitundu kati ya viganja viwili,
ndani yake lile jiwe la mlimani, jeupe, dogo.
Fumba la kulia: jiwe lipo.
Fumba la kushoto: jiwe limehama, limebaki anga.
"Wewe ni wa kushoto."
Nikasema hapana.
Nikasema hapana tena, nikakumbuka kitambaa
alichonifunga mama mkono ule mwaka mzima,
ili kijiko, kalamu na salamu
vihamie upande wa watu.

Lochoro akaingiza kichwa kwenye gunia,
akatoka na upinde mdogo, rangi ya majani yaliyofifia,
wa kuvutwa kwa kushoto. Ulikuwa wa mke wa yule mrefu,
au wa bintiye, hatujui.
Watoto walijua. "Wa mwanamke!"
Nangiro akatema pini moja:
"Nguo ikikukaa, huiulizi ilikuwa ya nani."

Mshale wa kwanza ulipiga ukuta wa jirani.
Tuliomba radhi.
Wa pili ulizama kwenye gunia la mabunzi,
wa tatu kando yake, karibu sana,
nikaona aibu kufurahi hivyo mbele za watu.

Nililipa nusu; nusu baada ya mavuno.
Noti nilizihesabu kwa kushoto,
nikazinyoosha kwa kushoto, mkono umenitangulia.
Nangiro aliutazama kidogo,
kisha akazipokea.