Kitanda Kichochoroni

Jumatatu saa nne,
mezani tupo wanane,
tunagombea tuone,
shuleni kwetu Langoni.

Waya mbili, betri moja,
taa ndogo yatungoja;
Mwalimu Mbodze akaja,
aliyetoka Barani.

Mwalimu akatwambia:
“Washeni, naangalia.”
Naye Shekuwe kangia,
waya moja mkononi.

Kaunga taa kwa ari,
akangoja kwa fahari;
giza likakaa shwari,
hata cheche haioni.

“Umeme ni kama maji,
kurudi hauhitaji;
watoka kwa mfereji
ukaishia ndooni.”

Nikajibu: “Tuna punda,
wote sita nawapenda,
kutwa nzima kuja-kwenda
na mchanga mgongoni.

Hupakiwa pale gati,
wapite kati kwa kati
hadi kwa Bi Barakati
ajengaye Mkomani.

Mzigo tukaushusha,
punda hawajatukwisha;
sita wale twarejesha
kwa kichochoro cha pwani.

Humo kitanda cha ndoa
juzi kilitukwamia:
sita wote wakapoa,
hata walio gatini.”

Waya ya pili natwaa,
narudisha toka taa
hadi betri ilokaa,
kwenye ncha hasi, chini.

Taa ikapepesuka,
njano, kisha ikawaka!
Shekuwe akaudhika,
kageukia uwani.

Mbodze: “Punda ni mkondo,
mchanga, nguvu ya tendo;
hakuna mwisho wa mwendo
hadi betri iwe duni.

Mzunguko ni saketi,
pengo moja, haupiti;
na swichi ndiyo, kwa dhati,
kitanda kichochoroni.”

Shekuwe akauliza:
“Ndani nini chaangaza?”
“Njia nyembamba hukaza
watu na punda mbavuni.

Uzi huo ni mwembamba,
mkondo ukiukumba
hukwaruzana, huvimba,
hutoka nuru jotoni.”

Nikamkumbuka Shaba,
punda mkubwa wa baba,
ngozi ubavu ni haba:
kumbe ndio ukinzani!

Jioni nikachukua
mafuta, kumsugua
Shaba, pasi kumwambia
siri yake ya shuleni.

Usiku stima hakuna,
majirani wanaguna;
nikamuuliza nina:
“Leo kitanda cha nani?”