Kiungo cha Tano

Uniti saba za luku, uani kwetu Tandika,
mabomba ya kitanda alichofia baba,
rodi kumi na moja, za mkopo kwa Mwinshehe.
Nikakata. Nikasugua kutu. Nikachomelea
mkongojo wa mama, wa miguu minne.

Viungo vinne vikalala laini, shanga kwenye uzi.
Cha tano, cha mkononi,
jirani akachomeka pasi,
moto ukanywea,
chuma kikaganda mabongemabonge.
Nikaapa: kesho, grenda.

Alfajiri nasikia sakafu ikigongwa, ko… ko…
Mama yuko mlangoni pa choo, kasimama mwenyewe,
kiganja kimelifumbata lile kovu.

"Hapa usipaguse," akasema.
"Kwingine kote kunateleza."