Sampuli ya Arobaini na Moja

Imefika Jumamosi, saa mbili na dakika kumi,
kikopo cha plastiki ndani ya sanduku la barafu,
kifuniko kimeteguka upande.
Viazi, kuku, mayai, njegere, matango ya siki,
vyote vimevishwa mayonesi, vinang'aa.
Tayari kwa kuliwa, yasema lebo,
na mwandiko wa lebo naujua:
ile nukta iliyoburutwa kama mkia wa mjusi
ni ya Bwana Esfandiar, karibu na daraja la Khaju,
ambako kila Jumatano nanunua mkate uliojazwa saladi hii hii
nikaula nimesimama,
nikiutazama mto usio na maji.

Nikavaa glavu.

Gramu ishirini na tano, hazipungui, hazizidi.
Damu ya kondoo kwenye sahani,
dawa tatu za kuwafukuza wageni wasioalikwa
ili abaki mmoja tu, mgumu kuitika,
asiyependa hewa nyingi wala haraka.
Wenzake huota kwa usiku mmoja, kama uyoga.
Huyu hutaka siku tano, siku saba,
na ukimchungulia mara kwa mara
hufa, kama kwa haya.

Jumatano ile sikwenda darajani. Nilikula tufaha.

Nyumbani mama anatafuna vidonge vya chokaa,
mwaka wa kumi na moja sasa.
"Ni huzuni," husema, "huzuni ina asidi."
Daktari aliteremsha mrija kooni, akapandisha picha:
kidonda, chekundu, sawa na kifungo cha shati.
Nikamuuliza, mama, ulikula wapi?
Akacheka hadi akashika ubavu.
"Binti yangu, nimekula duniani."

Siku ya sita ilikuwa Ijumaa, maabara tupu,
friji peke yake likinung'unika.
Juu ya damu, matone madogo maangavu,
kama mtu aliyepiga chafya juu ya kioo.
Nikachota moja, nikalitia katika kichupa cha njano.
Nikahesabu. Sijui nilihesabu nini.
Njano ikalegea, ikawa waridi,
katika mji huu unaojua kusifu waridi,
na mimi nikatafuta kiti.

Chini ya darubini walikuwa wamejisokota
kama uzi uliofumuliwa katika zulia kuukuu.
Kesho yake Ruzbeh akawasha taa ya urujuani,
mstari wetu ukasimama sambamba na mstari wa mfano,
bega kwa bega.
"Andika chanya," akasema.
Lugha yetu ya kazi ina kinaya:
tukikuta ubaya, tunauita chanya.

Barua ya ofisi huchukua siku kumi.
Mimi nilitangulia.

Alikuwa akikata saladi ya majani.
Ndoo ya maji ya kisima miguuni, kisu kimoja,
kitambaa kimoja begani cha kufutia kila kitu,
na si mchafu, nataka ijulikane, si mtu mchafu:
kucha fupi, shati limepigwa pasi.
Nilipomweleza hakubisha.
Aliuliza tu, "Kina sura gani?"

Nikachora nyuma ya risiti,
mizunguko mitatu, vimkia vinne vitano.
Akakisogeza karatasi mbali, kisha karibu,
miwani ikamshukia puani.
"Hiki," akasema, "ndicho kinachoniamsha
saa tisa za usiku tangu Nouruz?"
Na mkono wake, wenye kisu bado,
ukaenda wenyewe juu kidogo ya kitovu,
pale pale mama anaposhika.

Tukanyamaza. Mteja akaja, akataka mikate miwili.
"Leo hakuna," Esfandiar akamwambia,
trei imejaa, inaonekana na kila mtu,
mteja akaitazama trei, akanitazama mimi.

Kisha akabandika birika.
Yalipochemka hakuliepua.
Aliyaacha yachemke tena,
mvuke ukaziba kioo cha duka,
nami sikumwambia imetosha.