Saa Saba u Nusu

Kila siku ya Mungu, saa saba u nusu mchana,
chombo changu kilipita juu ya Mtambwe,
kimya, bila kivuli,
watu wakitoka msikitini wakitafuta viatu vyao.
Hakuna aliyenyanyua uso.
Nami nilikuwa nchi ya baridi, ghorofa ya tatu,
nikisoma kilichopungua katika mwanga.

Ndiyo kazi. Nimeieleza mara mia na bado nachekwa:
jua hushuka likiwa zima,
hugonga ardhi, hurudi juu lina mapengo.
Kila hewa chafu huung'ata mwanga kwa meno yake.
Sisi huhesabu alama za meno.

Miaka ishirini na sita nimehesabu.
Nimeona miji ikiiva kwenye ramani kama majipu.
Nimeona meli zikiburura mkia wa nitrojeni
mwembamba, kutoka Ghuba hadi rasi ya kusini.
Nimeona moto wa mashamba ya bara, mwezi wa nane,
na moshi wake ukivuka bahari bila tiketi.

Na Pemba?
Pemba ilikuwa nyeupe.
Si weupe wa usafi; weupe wa "hakuna data".
Macho hayana pazia, husema watu wetu.
Haya ya angani yanalo, nalo ni wingu,
na wingu la Pemba mnalijua:
hukaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake.
Siku ikiwa tupu, kanuni ilisema
jaza pengo kwa wastani wa jirani.
Kanuni hiyo niliiandika mimi. Nikasifiwa.
Basi nyumba yetu, miaka nenda miaka rudi,
ilipumua hewa ya kukisia,
nusu ya bahari, nusu ya Tanga.

Mama, Bikombo binti Faki, hakujua wastani.
Alikuwa na mafiga matatu,
makumbi mabichi wakati wa masika,
na jiko lisilo dirisha,
kwa kuwa marehemu baba alisema dirisha huingiza mvua.
Aliwasha baada ya alfajiri.
Akawasha tena magharibi ikikaribia.
Saa saba u nusu jivu lilikuwa limepoa,
paka kalala juu yake.

Kwenye simu nilisikia kikohozi.
"Vumbi la karafuu tu, mwanangu,
tunachambua, mwaka huu zimezaa."
Mwaka uliofuata hazikuzaa.
Kikohozi kilizaa.

Nilifika hitima imekwisha.
Mkobani nilikuwa na kidude, viberiti viwili kwa ukubwa,
chenye feni ndogo inayovuta hewa na kuipima.
Nikakitundika jikoni, kwenye msumari
aliotundikia kawa.
Wifi yangu Mize akawasha moto wa chai ya wageni.
Hamsini. Mia mbili. Mia tisa.
Kisha kidude kikanyamaza: kimefika mwisho wa kuhesabu.
Mize alikuwa bado anapuliza.

Juu ya mafiga, masizi, unene wa kidole.
Nikayakwangua kwa ukucha.
Tabaka juu ya tabaka, miaka arobaini,
alfajiri na magharibi,
hakuna siku hata moja iliyokosekana.
Sikuwahi kuona kumbukumbu kamili namna ile,
wala sikuwa na pa kuituma.

Kesho yake Shaame, mtoto wa kaka, darasa la sita, akauliza:
"Shangazi, chombo chako kinatuona?"
Nikatazama saa. Nikatazama juu:
wingu lilikuwa limechanika kidogo, upande wa Gando.
"Sasa hivi kinapita," nikamwambia.
Akatoka mbio hadi katikati ya ua,
akapunga mikono yote miwili,
akapunga hata wingu lilipofunga.

Mimi nikachukua panga, nikaingia jikoni,
nikawa napapasa ukuta wa udongo
nikitafuta upande ambao mvua haipigi.