Meno Saba

Bwana Merali wa Gerezani ameuliza kwenye simu:
"Mwalimu, kabla sijakutumia kitu,
reki yako ni ya pole au ya upesi?
Ziko mbili. Kwa nje ni pacha."

Fundi Stambuli kaisugua kwa dizeli na kitambaa cha kaniki.
Kibati cha namba kimelika,
imebaki kutu na tundu la ribiti moja.

Datsun ya milango miwili, rangi ya bibo lililoiva,
pua ndefu, viti viwili na kiburi.
Imelala miaka kumi na tisa ghalani kwa mjomba, hapa Masasi,
magunia ya korosho juu ya boneti,
panya kwenye kiti cha dereva.

Tulianza na usukani.
Dadi akafunga utepe juu ya duara, pale kwenye saa sita,
akakata kushoto mpaka mwisho, kisha akaurudisha kulia,
nami nikahesabu utepe ukipita
kama ninavyohesabu watoto wakiingia darasani.
Ya upesi, kasema Merali, huzunguka mara mbili na nusu.
Ya pole, mara tatu na theluthi.
Yetu ikapita mara mbili, ikaitafuta ya tatu,
ikagota utepe haujafika juu.

"Bushi zimekufa," akasema Stambuli.
"Usukani huu shahidi wa uongo. Tushushe."

Mezani nikatoa rula ya plastiki,
ile ya kuchorea pembetatu,
nikapiga chaki kwenye shingo ya pinioni.
Zungusha, Dadi. Mara moja tu. Chaki irudi ilipotoka.
Reki ikachungulia nje ya ganda
kama kobe anayeuliza iwapo mvua imekwisha.
Milimita arobaini na tisa.

Ya pole hutoka arobaini na mbili,
ya upesi hamsini na sita.
Nikailaumu rula. Nikaazima futi ya seremala wa jirani.
Arobaini na tisa,
katikati kabisa, kama mtoto wa wazazi wagomvi.

Stambuli hakunena.
Akafungua kifuniko, akachomoa kile kijiti cha chuma,
akanilazia kiganjani: hesabu wewe, ndiyo kazi yako.
Sita ni za mjini. Nane ni za mashindano.
Nikatia chaki jino la kwanza nisije nikalirudia.

Saba.

Meno saba, na kila bonde lina michirizi ya tupa,
na chini ya kifuniko, vipande vya bati la kopo la maziwa
vilivyokatwa kwa mkasi, kimoja juu ya kingine,
ng'ombe bado anaonekana, nusu ya pembe.

Hapo nikakumbuka, au labda naunganisha mwenyewe:
mwaka ule spea hazikuja, hata sabuni ilikuwa ya foleni,
Mjomba Nandonde alipanda baiskeli kwenda Ndanda
na kitu kizito ndani ya mfuko wa khaki.
Alirudi wiki ya tatu, vidole vimechanika.
Mama akamuuliza alikuwa wapi.
"Nilikwenda kuhesabu."
Tukadhani pesa.

Baadaye alinipakia kwenda Newala.
Kwenye ile kona inayotaka uamue kabla hujaiona
sikuona mikono yake ikihangaika.
Aligeuza kidogo, akangoja,
gari likamfuata kama neno lililokwisha kubaliwa.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilitapika Kitangari.

Merali kapiga tena. "Haya, pole au upesi?"
"Saba."
Kimya. Nasikia akipekua karatasi, nasikia honi za Gerezani.
"Mwalimu, saba haipo."

Stambuli ameshaanza kuipaka grisi,
kwa kidole, jino hadi jino, hana haraka.
Vile vibati vya maziwa amevipanga kwenye kisosi
vilivyokuwa, juu juu, chini chini,
na Dadi amekatazwa kupiga chafya.

"Basi nitumie mipira ya pembeni tu," nikasema. "Jozi moja."