Kopo la Oti

Kopo lilibaki juu ya kabati, nusu,
tangu msiba.
Daktari wa Keshero alikuwa ameandika kwa mkono wake:
uji wa avwani, asubuhi na jioni, bila sukari.
Baba aliisoma karatasi ile kama barua ya mdai.
"Oti ni chakula cha farasi," akasema,
"na mimi hapa Goma farasi sijamwona hata mmoja."

Leo umeme umeondoka saa nne
bila kuaga, ndiyo tabia yake,
nikasema basi, nitaoka kwa makala.

Sufuria kubwa, ile ya harusi na matanga,
naimwagia changarawe nyeusi ya volkano.
Jiwe lililokwisha kuwa moto
halifundishwi joto.
Naifunika, napanga makaa juu ya kifuniko,
naiacha ijikumbuke.

Majarini, vijiko sita vya kulia chakula.
Sukari ya kahawia, inayonata kama matope ya Birere.
Mayai mawili ya Mama Kahindo; moja lina damu,
namrudishia, tunabishana, ananipa jingine
na maneno juu yake.
Unga wa ngano, kikombe na robo.
Chumvi, ya kubanwa kwa vidole.

Chokoleti ametuma baba mdogo, Paluku, kutoka Mutwanga.
Miaka kumi na mitatu analima kakao,
anaichachusha, anaianika, anaipakia kwenye lori la watu,
na chokoleti yenyewe kaionja mwaka huu tu,
kwenye mkutano wa ushirika.
Nilimuuliza kwa simu ikoje.
Akafikiri mpaka vocha yangu ikakaribia kwisha.
"Ni chungu," akasema, "halafu inaomba radhi."

Naivunja kwa nyundo ya Baba.
Kipande kimoja kama haragwe, kingine kama kokoto,
na vumbi lake Tuliza analifuata mezani
kwa kidole alichokwisha kukilamba.

Sasa oti. Kikombe cha kwanza. Cha pili.
Cha tatu nachota kwa mkono, nakwangua chini,
na vidole vinagusa kitu
kisicho oti.

Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
sigara alizoapa kuziacha mbele ya mchungaji,
imekunjwa kwa ukucha, pembe kwa pembe,
alivyokuwa akikunja noti.
Ndani yake vidonge vya presha.
Kumi na kimoja.
Vikavu, vyeupe, ulimi haujavigusa.

Nilikaa kwenye kigoda.
Kaa moja lilipasuka, nikaruka kama mwizi.
Kila asubuhi alikunywa maji glasi nzima, akafumba macho,
akasema "Aaah," na sisi tukamsifu.

Nikavifunga kwenye pindo la kitenge.
Nikakoroga.
Ungefanya nini? Majarini yalikuwa yameshalainika.

Za kwanza ziliungua chini.
Za pili zikatanuka, zikashikana mabega,
ikawa biskuti moja yenye vichwa saba.
Za tatu, sijui nilifanya nini, zikatoka vizuri:
ukingo mkavu, katikati bado inaamua,
na harufu ikavuka ukuta wa mawe
mpaka Mama Kahindo akaja kuulizia yai lake.

Mama alirudi kutoka kwenye likelemba,
akala amesimama, viatu miguuni,
moja, mbili, hasemi kitu.
Kisha: "Angezikataa."
"Angekula sita," akasema Tuliza, mdomo mweusi.

Nikafungua pindo la kitenge.
Mama aliangalia bila kugusa,
kama mtu anayeangalia picha ambayo
yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga.
"Ngapi?"
"Kumi na kimoja."

Akapangusa makombo kifuani.
"Mimi nilihesabu tisa," akasema,
akanyoosha mkono kwenye sinia,
akachagua ile iliyoungua kuliko zote.