Mkono Mtupu

Daktari Pereyra nilimwambia ni shinikizo la damu.
Padri nilimwambia ni Kwaresima,
akahesabu vidole, maana tulikuwa Septemba.
Shemeji yangu Olegario nilimwambia ni bei,
akacheka nusura meno ya bandia yamtoke:
"Bei? Hapa Tacuarembó,
ambako ng'ombe ni wengi kuliko wapiga kura?"

Kila mtu nimempa sababu inayomtosha,
kama muuza viatu.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa kiwandani,
zamu ya alfajiri, buti nyeupe, aproni ya mpira,
kisu nimekinoa mpaka kimekonda kama unyasi.
Mshahara ule ndio uliojenga nyumba hii, bati kwa bati.
Simlaumu anayekula. Ni mimi niliyemlisha.

Lakini Julai ya huku mnaijua?
Umande unaganda majanini kama chumvi iliyomwagika,
vidole vinakufa kimoja kimoja,
na kisu hakishikwi kwa kidole kilichokufa.
Tulikuwa na dawa yetu, waliotutangulia walituachia bila maneno:
ng'ombe akishapasuliwa, mvuke haujakata,
unaingiza mikono yote miwili hadi viwiko,
pale chini ya mbavu,
unafumba macho,
unahesabu hadi ishirini.
Joto lile, jamani.
Hakuna jiko lililowahi kunipa joto kama lile.
Vidole vinafufuka. Unarudi kazini.

Asubuhi moja nilichelewa kuvaa glavu.
Nikapita kando ya ujia wanamosubiri,
wamelowa, wamebanana,
pumzi zao zinapanda kama moshi wa nyumba zinazopika.
Nikaegemeza mkono kwenye ubao.
Mmoja akaulamba.

Husemwa mkono mtupu haulambwi.
Wangu ulikuwa mtupu. Sikuwa na nyasi, sikuwa na chumvi
ila hiyo ya jasho langu mwenyewe.
Ulimi wake ulikwaruza kama msasa wa seremala,
akalamba kiganja, akahamia vidole, akarudi kiganjani,
taratibu,
kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

Kengele ikalia. Nikaenda.

Nusu saa baadaye, vidole vilipokufa,
nikaingiza mikono chini ya mbavu za mmoja wao.
Sijui kama ndiye.
Hapo ndipo penyewe: sijui kama ndiye.
Mnyororo haungoji mtu ajue.
Nikafumba macho, nikaanza kuhesabu,
nikafika saba,
na nane sikuiona.

Nilifanya kazi miaka sita zaidi. Msinifanye mtakatifu.
Watoto walikuwa shuleni, na kisu kilikuwa kisu.
Ila mezani, tangu jioni ile,
sahani ya nyama ikipita naipisha
kama unavyopisha jeneza barabarani.

Nélida alilia mwaka wa kwanza,
akidhani nina ugonjwa ninaomficha.
Mwaka wa pili akaanza kuniibia biringanya.

Moto wa Jumapili bado nauwasha mimi.
Hakuna anayeyajua makaa kama mimi, hata Olegario anakiri,
na mbavu zao nazigeuza bila kinyongo.
Kona moja ya wavu ni yangu:
boga lililopasuliwa, mahindi,
pilipili hoho iliyovunjiwa yai tumboni.

Jana mjukuu wangu Abril, ana miaka sita,
mfupa mkononi, mashavu yanang'aa mafuta:
"Babu, wewe mbona huli?"
Nikatafuta sababu ya saizi yake.
Sikuwa nayo dukani.
Nikamnyooshea kiganja, wazi.
Akakitazama, akakigeuza, akatazama na kwa nyuma.
"Hamna kitu," akasema.
"Hamna," nikasema. "Hata siku ile hamkuwa na kitu."
Akatikisa kichwa kama daktari,
akaendelea kula.